Vitabu Vyangu vya Risiti

Mimi ni fundi wa masanduku ya shule hapa Kamukunji, Nairobi, jirani na soko la Gikomba. Januari ndiyo mavuno yetu, wazazi wanapokuja na orodha ya mahitaji ya Kidato cha Kwanza. Lakini Januari 2025 Kidato cha Kwanza hakikuwepo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto wa mtaala mpya ndio kwanza walikuwa wanaingia Gredi ya 9. Masanduku yangu yakabaki yamepangana hadi kwenye dari.

Kukosa pesa nimekuzoea. Kilichonitafuna ni yale mawazo ya usiku: nina miaka arobaini na saba, nimefanya nini? Wenzangu wana ploti Kitengela, mimi bado ni mpangaji Umoja.

Usiku mmoja nilikuwa natafuta jina la mzazi mmoja mwenye deni langu. Vitabu vya risiti naviweka ndani ya sanduku la kwanza kabisa nililotengeneza, lenye kifuniko kilichopinda. Deni sikuliona. Nikaona Januari 2011: masanduku 34 kwa wiki moja. Nikakumbuka nilivyogonga mabati wiki ile mpaka vidole vikashindwa kufunga kifungo cha shati, na kwamba hela hizo ndizo zilizomwingiza mdogo wangu chuo cha ualimu. Leo anafundisha. Jambo kubwa kama hilo, nami nilikuwa nimelisahau!

Tangu hapo, kila jioni baada ya chakula nafungua ukurasa mmoja. Mmoja tu. Mwanzoni nilikosea: nilihesabu masanduku, nikavimba kichwa, kisha nikalinganisha na mwaka huu nikalala na huzuni zaidi. Karibu niache. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Baba watoto, hayo yote uliyafanya peke yako?"

Swali hilo ndilo lililonishika mkono. Sasa kila ukurasa namtafuta mtu aliyekuwemo. Kwenye kurasa za 2020, shule zilipofungwa Machi, yupo mama wa chai aliyenikopesha chai na mandazi, na hakunisumbua hata siku moja mpaka Kidato cha Kwanza kilipoingia Agosti 2021. Yupo mzee aliyenifundisha kazi, akaniachia kipande chake cha reli, fuawe yangu mpaka leo. Namtaja mtu kwa jina, kwa sauti, nasema asante. Aliye hai nampigia simu.

Zipo kurasa zinazouma, na hizo siziruki. Na masanduku hayajaisha. Nimegeukia majiko na vyombo vya kulishia kuku, riziki inakuja kidogo kidogo. Ila asubuhi naamka nikitaka kushika nyundo, jambo ambalo Januari ile sikuliweza.

Mzee nilimpigia Jumapili. Yuko kwao Murang'a, masikio yamepungua nguvu, ikabidi nipaze sauti. Nikamshukuru kwa ile reli. Akanyamaza, kisha akasema, "Sanduku lako la kwanza lilikataa kufunga, ukaenda nyumbani unalia. Nikajua hurudi. Kesho yake saa kumi na mbili nakukuta mlangoni."

Hilo halimo kwenye risiti yoyote. Nililiandika nyuma ya kitabu cha 2003, nikaweka tarehe.