Boriti moja moja

Jamani nimenyamaza kitambo, si uvivu, ni ile nyumba. Mnaokuja Maulidi Lamu mwaijua, ya wakfu, si mbali na Msikiti wa Riyadha, mwafika mmechoka na basi hadi Mokowe, mwavuka na boti, halafu mwatembea na mizigo vichwani maana gari za kuwabeba hakuna, mwakuta godoro na chai ya tangawizi na hamna anayewauliza hela. Basi dari ya chumba kikubwa, ile ya boriti za mikoko, imeanguka. Alhamdulillahi ndani alikuwa paka tu, na paka mwenyewe katoka mzima.

Nikafungua gurupu la WhatsApp la mchango. Siku mbili tumejaa, kila mtu "inshallah niandike elfu tano", vikopa na mikono ya dua kibao, mwezi umeisha naangalia M-Pesa hata pesa ya chokaa haijatimia. Kuna mzungu wa Hispania akaniambia kwao wanaokwenda kwa miguu hadi Santiago de Compostela wana nyumba kama hizi, zengine hazina bei, ni sanduku tu mlangoni watia ulichonacho. Nami nikaweka sanduku. Nimekuta sarafu mbili za Tanzania na kifungo cha shati.

Na kosa jengine letu wenyewe, tulitaka tupige simiti tumalize mambo. Fundi mzee akanivuta pembeni, mwanangu, ukuta huu ni wa matumbawe, wavuta maji ya chumvi toka chini, ukiuziba na simiti yale maji yatokee wapi? Plasta yote itabanduka. Chokaa yapumua. Ila chokaa nayo yataka subira, ichomwe tanurini, itiwe maji, ilale, na mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO toka 2001 kwa hiyo hujiamulii tu, wataka kibali kwanza, nacho kilituchukua muda wake (sisemi zaidi).

Aliyetuokoa ni bibi muuza mahamri wa mtaani kwetu. Akaniuliza, "Boriti moja ngapi?" Nikamtajia. Akafungua fundo la leso akanihesabia za boriti mbili, moja yake, moja ya marehemu mumewe. Wallahi niliona haya, mi na gurupu langu. Usiku ule ule nikafuta ile listi ya ahadi, nikaandika sitaki elfu za mtu, nauza boriti, na twahesabu kwa korija kama wakata mikoko, korija moja boriti 20. Chumba chataka korija mbili. Ni kirefu lakini chembamba, kama vyumba vyote vya zamani huku, maana upana wa chumba ni pale boriti inapofika, huwezi kuivuta.

Hapo ndo pesa zikaanza kuingia, na si za wale wakubwa waliopiga picha kwenye kifusi. Ni watu waliolala mle, wa Pate, wa Faza, mmoja katuma toka Ngazija kupitia kwa shemeji yake Mombasa. Jana punda wawili wameshusha boriti za mwanzo uwanjani, fundi kazigonga moja moja kwa kisu, nne kazirudisha.

Tumefika 31. Ngoja, 32, imeingia sasa hivi naandika, kutoka Tanga, kaandika tu, "ya juu ya kile kitanda cha dirishani".