Siku moja maabara: karatasi mbili nyeusi na jiko ambalo halikuandikwa

Saa 10 na dakika 40 alfajiri. Mvua imekesha inapiga bati, alamu imelia nikaizima nikaiba dakika kumi nyingine, nikajuta nilipofika kituoni maana daladala zinafika zimeshajaa tangu zinakogeuzia. Nimesimama hadi mjini, mfuko wangu wa chakula ukining'inia juu ya kichwa cha kaka mmoja aliyekaa, samahani kaka yangu popote ulipo.

Saa 1 na robo. Naingia maabara kabla ya wenzangu kwa sababu mashine nazo zina asubuhi zao. Ile kubwa tunaiita jisiemesi, inatenganisha vitu kwa gesi na joto halafu inavivunja vipande na kuvipima uzito, kila kemikali inavunjika kwa namna yake kama alama za vidole. Hatuizimi usiku, ndani kuna vakyumu na ukiizima inakula masaa mpaka irudi. Kila asubuhi naangalia kama hewa inavuja halafu napitisha sampuli tupu, ikitoka na kitu chochote ujue ni uchafu wa jana na siku yako imeshaharibika. Leo tupu imetoka tupu. Alhamdulillah, chai.

Saa 2. Kwenye friji kuna boksi lililopokelewa Ijumaa na leo ndio zamu yake. Marehemu wawili, mke na mume, vijana kabisa, damu, mkojo, vipande vya ini, vya tumboni kwenye chupa mbili, na kopo la siagi lenye kiporo cha ugali na dagaa. Fomu imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyechoka: walikula usiku, asubuhi wakakutwa wamefariki, mlango umefungwa kwa ndani, dirisha limezibwa na gunia kwa ajili ya mvua. Dagaa walipewa na jirani ambaye waligombana naye mwezi uliopita. Ombi: kuchunguza kama kuna sumu. Sumu inayohisiwa: ya panya.

Sijagusa kitu bado, kwanza lakiri. Napiga picha, nahakiki namba, saini, tarehe, nani alimkabidhi nani. Mahakamani naulizwa hayo kuliko kemia, niliwahi kukaa kwenye kizimba cha mashahidi dakika arobaini wakili anataka kujua bahasha ilitokaje mlangoni mpaka kwenye friji, kemia yenyewe nikaulizwa swali moja tena la mwisho. Nashukuru damu imeandikwa imetolewa mshipa wa paja, siyo moyoni. Damu ya moyoni inadanganya, mtu akishakufa dawa zilizokuwa kwenye ini na mapafu zinaanza kusogea zenyewe zinajaa pale, unaweza kusoma kiwango cha kutisha ambacho marehemu hakuwa nacho akiwa hai.

Simu. Afande mpelelezi. "Madam shikamoo." (Ananizidi umri kabisa lakini akitaka majibu ananiamkia.) "Yule mama jirani tunaye ndani bado, ndugu wa marehemu wamejaa hapa kituoni, unasemaje?" Nasema marahaba afande, ndio nimefungua boksi sasa hivi.

Saa 3 na nusu. Kwanza niwaambie kitu kuhusu sumu ya panya, maana kila anayekufa ghafla nchi hii kalishwa sumu ya panya. Nyingi za dukani ni zile za kuzuia damu isigande, zinachukua siku kadhaa mtu aanze kutoka damu, haziui watu wawili usiku mmoja kabla ya adhana ya asubuhi. Ya kuogopa ni vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, vya alumini fosfaidi. Kikikutana na maji maji ya tumbo kinatoa gesi ya fosfini na hiyo gesi haina mchezo wala haina dawa ya kuitibu moja kwa moja.

Kipimo cha haraka ni cha kizamani lakini nakipenda, unapasha moto kidogo kile cha tumboni kwenye chupa, mdomoni unaweka karatasi iliyolowekwa silva naitreti, fosfini ikipanda karatasi inakuwa nyeusi. Kijana wetu wa mafunzo ndio aliyefanya, haikupita dakika tano nikasikia "Dada! Dada imekuwa nyeusi! Ni sumu hiyo!" Mtoto wa watu ameshamhukumu yule mama kabla ya saa 4.

Nikamuuliza, karatasi ya pili iko wapi? Hakuweka. Sasa hapa ndio kazi ilipo, dagaa wakianza kuoza tumboni wanatoa gesi ya salfa, ile ya mayai viza, na hiyo nayo inageuza silva naitreti kuwa nyeusi vile vile. Kwa hiyo pembeni unaweka karatasi ya pili yenye ledi asiteti, hiyo inageuka kwa salfa lakini kwa fosfini haijali. Tukarudia na karatasi mbili. Zote nyeusi. Kwa pua huwezi kusaidika, fosfini ya vidonge inanuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, hebu wewe itofautishe na dagaa wa siku nne. Karatasi zote zikiwa nyeusi maana yake hazijasema kitu, salfa ipo na fosfini inaweza kuwa imejificha nyuma yake, kwa hiyo tukapeleka ule mvuke wenyewe kwenye mashine. Kijana alisimama pale kama anasubiri matokeo ya form four. Fosfini hakuna. Kwenye kopo la siagi pia hakuna.

Wakati huo Babu, fundi wetu mkongwe anayestaafu mwakani, alikuwa ameshamaliza kupima kile kimeng'enya cha kolinesteresi kwenye damu. Dawa nyingi za kuulia wadudu wa mashambani zinakifunga hicho, mtu anatoka mate na jasho, mboni zinakuwa kama tundu la sindano, mapafu yanajaa maji. Ukikuta kipo kizuri unajua hilo kundi silo. Kipo kizuri, wote wawili. Babu akaguna tu, akaenda zake kuosha vyombo.

Saa 5. Umeme umekatika, jenereta limechelewa sekunde kadhaa lakini betri zimeshika, nimezeeka miaka miwili kwa zile sekunde. Nikarudi kwenye fomu nikaisoma tena taratibu. Wawili. Usiku mmoja. Hakuna aliyeandikwa katapika. Mlango kwa ndani, gunia dirishani, mvua. Nikampigia afande.

"Afande, mle chumbani kulikuwa na jiko?"

"Jiko? Lilikuwepo la mkaa, walikuwa wanaota baridi, lakini madam halikuwa kielelezo hilo, tuliliacha."

Jamani. Jisiemesi yetu na ufahari wake wote, ukiipa damu iliyochakatwa kutafuta dawa na viuatilifu haitakuambia habari ya kaboni monoksaidi, hiyo ni gesi inayotoka mkaa ukiwaka kwenye chumba kisicho na hewa, inang'ang'ania kwenye hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyong'ang'ania, na hatua zetu za kwanza kabisa za kuandaa sampuli zinaitupa pamoja na damu yenyewe. Ningeweza kupima wiki nzima nikaandika hakuna kitu, na nisingekuwa nimedanganya.

Jaribio la kwanza ni la dakika mbili. Damu matone machache kwenye maji, ongeza sodiamu haidroksaidi kidogo, damu ya kawaida inageuka kahawia yenye ukijani mchafu. Nikaweka mirija mitatu, mmoja wa damu ya kulinganishia, miwili ya marehemu. Wa kulinganishia ukageuka. Miwili ikabaki na rangi ya waridi, nzuri kabisa, kama juisi ya tikiti maji. Kijana hakupiga kelele safari hii.

Saa 7. Kwa mama ntilie pale nje, wali maharage na mchicha. Wanajua kazi yangu kwa hiyo sili kwa amani. Leo dereva bodaboda ananiuliza kama kuna mashine unaweka kitu chochote inakuandikia ni sumu au siyo sumu. Haipo kaka, lazima ujue unatafuta nini, na hata chumvi ukila ya kutosha itakuua. Mwaka juzi kuna dada aliniletea chai kwenye chupa ya maji anataka nipime limbwata, nikamwambia dada yangu, ili nipime kitu lazima niwe na halisi yake ya kulinganishia, wewe ukinipatia limbwata safi gramu moja nitaanzia hapo. Alikasirika kweli.

Saa 8. Sasa namba. Rangi ya waridi ni dalili tu, huwezi kupeleka mahakamani rangi ya juisi. Damu inawekwa kwenye amonia nyepesi, unatia sodiamu dithionaiti, huo unga ndio ule ule tunaotumia kutafuta dawa ya magugu ya parakwati kwenye mkojo, ikiwepo mkojo unakuwa bluu. Hapa kazi yake ni nyingine, inanyang'anya oksijeni kwenye hemoglobini yote isipokuwa iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, halafu unasoma mwanga kwenye nanomita 540 na 579 na kugawanya. Pembeni lazima uwe na damu uliyoishibisha oksijeni na nyingine uliyoishibisha kaboni monoksaidi, hizo ndio ngazi yako. Mvutaji sigara unaweza kumkuta mpaka karibu asilimia 10 ya hemoglobini yake imeshikwa hivyo. Juu ya 50 kwa kawaida ni habari ya kifo. Mume 57, mke 61. Nikarudia zote mara mbili, Babu akarudia bila kuona namba zangu, tukapishana kwa moja.

Katikati ya hayo mengine yanaendelea, siku haina kesi moja. Imeletwa damu ya dereva wa ajali, hospitali moja ya mbali wameiweka kwenye chupa ya kawaida badala ya ile ya kifuniko cha kijivu yenye sodiamu floraidi, imesafiri siku tatu bila barafu, hapo bakteria wanaweza kutengeneza pombe wenyewe humo chupani na wakili akiuliza nitamkubalia. Na mkojo wa kijana anayesema alikunywa dawa ya kikohozi tu, kweli kodini ya kwenye dawa hiyo inaleta mofini kama heroini inavyoleta, na kipimo cha haraka hakitofautishi, kwa hiyo tunatafuta kile kipande kinachobaki heroini ikivunjika, monoasetilimofini, dawa ya kikohozi haikitoi hata unywe katoni. Hakikuonekana. Lakini kinatoka mwilini haraka, kwa hiyo nimeandika hakikuonekana, sijaandika hakutumia.

Saa 10. Ripoti. Huwa naandika polepole kuliko ninavyopima. Siandiki "hakuna sumu". Naandika nilichotafuta, kwa njia gani, kisichoonekana kwenye tumbo, ini, na kopo la chakula, halafu kaboni monoksaidi na asilimia zake. Siandiki kwamba jirani hana kosa, hiyo siyo kemia. Siandiki jiko pia, sijaliona, halipo kwenye fomu. Inabaki saini ya pili na mwenye kalamu yake yuko mkoani tangu juzi anatoa ushahidi, anarudi kesho usiku akijaliwa. Kwa hiyo yule mama analala ndani tena usiku wa leo na kesho, na mimi najua na siruhusiwi kusema kwa simu. Hii sehemu ya kazi siipendi na sijaizoea.

Saa 11 na robo afande kapiga tena. "Madam, hata kwa mdomo tu, nimwambie bosi." Nikamwambia afande siwezi, lakini nifanyie jambo, niandikie barua ya nyongeza kuhusu lile jiko, lilikaa wapi, lilikuwa na majivu au mkaa, dirisha lilizibwaje, na jiko lenyewe likachukuliwe lifungwe kama kielelezo.

Kimya kidogo. "Jiko wanalo ndugu madam. Msiba uko pale pale nyumbani, wanachemshia chai."

"Wanachemshia wapi, nje?"

"Nje wapi madam, na mvua hii?"

Nikamwambia afande, usisubiri barua yoyote, nenda sasa hivi.