Kupaka rangi tapeti kava nyumbani na hii baridi yetu ya Mbeya

Ilianza na harufu. Kila nikitoka Tukuyu kurudi mjini, nikishaanza kupanda kuelekea Isongole, ndani ya gari inanuka oili inayoungua, na vioo umefunga kwa sababu ya baridi kwa hiyo unaivuta yote. Gari ni Carina Ti, injini 5A, na wenye hizi gari wanajua, gasketi (mpira wa kuziba) ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, ikizeeka oili inateremka taratibu pembeni mpaka kwenye menifodi ya ekzosi, bomba la moto linalotoa moshi wa injini, na inaungulia pale pale.

Fundi wangu wa Mwanjelwa, mtu mzima ambaye amenifungulia hii injini miaka yote, alitoa ile gasketi akaikunja kidogo tu ikakatika. Imekuwa ngumu kama kipande cha ndoo. Nikamwambia mzee wangu, kabla hujaweka mpya naomba kava niende nayo nyumbani siku mbili niisafishe niipige rangi. Akaniangalia. "Mwanangu, rangi ya ndani ya boneti nani ataiona?" Nikamjibu nitaiona mimi, na kweli ndo sababu yenyewe, maana injini ikishakuwa nyeusi tii kwa oili na vumbi inaficha kila kitu, inaweza kuvuja miezi sita hujui inavujia wapi, ila ikiwa na rangi ya fedha tone moja tu unaliona asubuhi ukipima oili. Akakubali, akafunika juu ya injini kwa kitambaa safi na nailoni ili mchanga usiingie, nikapanda daladala na kava yangu kwenye mfuko wa salfeti.

Sasa kosa. Ilikuwa mwezi wa sita. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikafuta, nikapiga msasa kidogo, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudisha nikaanza kupuliza saa kumi na moja jioni, ukungu umeshaanza kushuka kutoka mlima Loleza. Kopo lenyewe la rangi ya kupuliza lilikuwa la baridi, likawa linatema matone badala ya kutoa moshi laini. Koti ya pili ikabadilika mbele ya macho yangu, ile fedha ikawa na weupeweupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Sababu ni hii: tina (kile kimiminika cha kuyeyushia rangi) iliyomo kwenye rangi ikikauka haraka inapoza chuma, na hewa ikiwa na unyevu, unyevu huo unageuka matone ya maji juu ya rangi mbichi. Kesho yake nikakwangua na kucha pembeni ya tundu la plagi, ikatoka yote kama ganda la yai. Hapo chini palikuwa panateleza. Mafuta ya taa yanaondoa grisi ndio, lakini na yenyewe yanaacha utando wake wa mafuta.

Nikaanza upya na safari hii nikatumia muda mwingi kwenye kuosha kuliko kwenye kupaka. Sabuni ya unga na maji ya moto, brashi, mara tatu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni usiiguse kabisa, hii kava ni alumini na kostiki inaila, inachemka mapovu na kuacha vishimo. Halafu nikaiweka juani saa sita mchana juu ya bati, na jua letu la huku juu likitoka linachoma kweli, baada ya nusu saa kava ikaanza kutoa jasho la oili kwenye kona na kuzunguka herufi za TOYOTA, yaani alumini ya kumiminwa ina vitundu vidogo na oili imekaa humo miaka. Nikafuta kwa tina, nikarudisha juani, nikafuta tena. Kipimo changu ni maji: mwagia maji safi, yakijikusanya kuwa matone bado kuna mafuta, yakitandaa kama kioo uko tayari.

Kuna watu wanapeleka kupigwa mchanga kwa kompresa. Aisee kwa tapeti kava naomba usifanye hivyo. Ndani yake kuna bati limefungwa la kuzuia oili, mchanga ukiingia nyuma ya lile bati hautoki kwa kuosha, utatoka siku injini inawaka na utaingia kwenye oili, na hiyo injini umeiua. Msasa wa mkono tu, namba 120 kisha 240, na ndani nimeziba kwa karatasi na tepu. Sehemu inapokaa gasketi usipake hata kidogo, hivyo hivyo pale zinapofungwa waya za athi, zile za hasi.

Rangi yenyewe iwe ya moto. Ya bodi ya gari ikikaa pale inageuka njano na kubanduka. Hizi za injini nyingi zinavumilia nyuzi 260 za Selsiasi hivi, za ekzosi zinafika 650, na kava yenyewe inacheza kwenye 100 kwa hiyo ya injini inatosha sana. Nilipuliza saa saba mchana, kopo limekaa kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu (uvuguvugu, sio ya moto, lile kopo linalipuka), umbali wa kama sentimita 25, koti nyembamba tatu, dakika kumi kati ya moja na nyingine. Nje, na barakoa. Herufi nikazisugua kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kipande cha mbao mpaka alumini ikaonekana.

Ikikauka kwa mkono bado haijaiva, rangi hii inaivishwa na moto. Oveni ya chakula usiitumie, ule moshi sio wa jikoni. Mimi, fundi alipomaliza kuweka gasketi mpya, niliwasha injini dakika kumi nikazima ikapoa, nikawasha ishirini nikazima ikapoa, kisha nikaendesha mpaka Uyole na kupitiliza Igawilo. Siku ya kwanza ilitoa harufu ya rangi, ya pili hamna.

Mzee akafungua boneti wiki iliyofuata, akapitisha kidole ukingoni kote bila kusema kitu, halafu akauliza ile rangi nimenunua wapi.

Bati la kukinga moto juu ya menifodi nililipiga nyeusi siku ile ile na lenyewe rangi imeanza kuachia kuzunguka bolti moja, kutu sikuitoa vizuri. Nalisubirisha mpaka mwezi wa kumi, joto likirudi.