Fimbo niliyoshindia kolekole wa Fungu Kizimkazi

Kila niliyemuuliza ninunue fimbo gani ya kumvulia kolekole, samaki mkubwa wa miambani, alinipa jibu moja: ana nguvu, kwa hiyo nunua fimbo ngumu kuliko zote dukani. Muuzaji naye akakazia, akaigonga fimbo kwenye kaunta nisikie ilivyoshiba. Nikatoa laki nane na kitu. Bado nina hasira na ushauri ule, maana ulinila pesa, ukanila msimu, na mgongo ukauma wiki mbili.

Tulitoka Dar saa tisa usiku. Kusi lilikuwa limekatika, bahari shwari. Fungu Kizimkazi, ambalo kwenye ramani huandikwa Latham, ni kisiwa kitupu cha mawe, hakina mti, ndege wa baharini tu wamejaa. Pembeni yake kina kinaporomoka ghafla, na kolekole wakubwa huvizia hapo hapo ukingoni.

Popa yangu, yaani chambo bandia kinachoelea na kurusha maji ukikivuta, ilikuwa ya gramu 120. Fimbo ilikuwa ya PE 12 (namba ya unene wa uzi wa kusuka inaobeba; ikipanda, fimbo ni ngumu zaidi), imeandikwa gramu 150 hadi 250, yaani uzito wa chambo inachofaa kurusha. Nikirusha, haikunji hata kidogo, na fimbo isiyokunja haitupi. Popa inaanguka mita ishirini na ushee, wakati rafiki yangu pembeni, mwenye fimbo nyembamba, anarusha mara mbili ya hapo. Kufika saa nne mabega yalikuwa yanawaka. Karibu saa sita akaja kolekole mmoja. Maji yalipasuka kama mtu ametupa tofali, nikakaza. Fimbo ilibaki imenyooka kama mpini wa jembe na uzito wote ukanishukia kiunoni. Magoti yakagonga ubavu wa boti. Samaki akageuka mara moja, akaingia mwambani, uzi ukakatika.

Nahodha akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hiyo ni fimbo ya kukokotea chambo nyuma ya boti. Inamsaidia samaki, wewe haikusaidii."

Mzee alikuwa sahihi, na nilithibitisha mwenyewe nyumbani. Nilienda Soko la Feri nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki ninayemfahamu. Nikaifunga kwenye shina la mwembe, nikafunga uzi kwenye ndoano ya mizani, nikaomba na fimbo ya rafiki yangu, ya PE 8, ili nilinganishe. Mpwa wangu akakaa kwenye mizani anasoma, mimi navuta. Kwa fimbo yangu, "Mjomba, kilo sita," na tayari nimeinama mbele, visigino vinateleza kwenye mchanga. Kwa ile ya PE 8, ncha ikashuka, tumbo la fimbo likafuata, mpaka inakunja karibu na mkono wa mbele. "Kilo nane. Tisa. Mjomba, kumi!" Nami bado nimesimama wima. Tulirudia mara nne, kwa sababu sikuamini.

Fimbo inapokunja, inajifupisha: mzigo unasogea karibu na mikono yako. Isiyokunja inabaki wenzo mrefu, na aliye mwisho wa wenzo mrefu ni samaki. Hilo hakuna aliyeniambia.

Shemeji yangu yuko Salalah, na Waoman wa kule wanawavua kolekole hawa hawa. Nikamtumia fedha aninunulie fimbo mpya, kama milioni moja na nusu pamoja na usafiri. Nilimtajia: PE 8, mita 2.4 hivi, gramu 80 hadi 160, na kitako kiwe cha kuchomoka, la sivyo haiingii kwenye ndege. Alipoipata nikamwambia apitishe pamba ndani ya kila pete ya uzi. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata uzi wa kusuka siku ya samaki mkubwa. Popa nazo pima kwa mizani ya jikoni zikiwa na ndoano zake; yangu iliongezeka gramu ishirini na zaidi.

Safari ya pili kolekole alikuja saa mbili asubuhi, popa ikiwa mbali kabisa. Fimbo ilikunja kama upinde. Breki, ile inayozuia uzi usitoke ovyo, niliiweka kilo kumi, ile ile ya mwembeni, kwa hiyo nilijua mwili wangu unaweza. Alipofika chini ya boti nikaanza kuinua fimbo juu, nahodha akapiga kelele, "Shusha! Shusha fimbo!" Nikashusha. Ukiinyanyua wima, mzigo wote unahamia nchani, na kaboni hapo inaweza kupasuka papo hapo.

Dakika kumi na mbili. Tulimpima kwenye wavu: kilo 31, bila uzito wa wavu. Nilipomshika mkiani alikuwa anakoroma, sauti nzito kutoka kooni. Nikamshikilia ubavuni mwa boti, kichwa kikielekea mkondo, mpaka alipojivuta mwenyewe mkononi mwangu na kuzama.