Juu ya Mgongo wa Moreni: Kutoka Nyakalengija hadi Ziwa Mahoma

Wengi wanaopanda Rwenzori huipita kambi ya Nyabitaba mbiombio, kwa kuwa shabaha yao ni Margherita, kilele chenye mita 5,109 ambako barafu ya Uganda inazidi kusinyaa. Mimi niliondoka Kasese kwa haja nyingine, nayo ni kuona kile ambacho barafu ilikiacha chini, ndani ya msitu, ilipokuwa ikirudi nyuma.

Kutoka Nyakalengija, penye mita 1,600 hivi, njia hufuata mto Mubuku kwa upole, kisha hukwea ghafla mgongo mrefu na mwembamba, wenye miteremko mikali huku na huku. Kiongozi wetu, kijana wa Kikonzo, alinigeukia. “Hapa, mwalimu, kila mgeni hulalamikia magoti.” Mgongo huo ni moreni ya kando. Barafuto, yaani barafu nene itambaayo polepole kushuka mlimani, iliyolijaza bonde ilikwangua miamba ya juu, ikabeba kifusi chake na kukirundika ubavuni, kisha ikayeyuka na kukiacha kimesimama. Kambi ya Nyabitaba, mita 2,651, imejengwa juu yake.

Mahali ambapo mvua ilikuwa imemega ukingo wa njia, nilichuchumaa nikatazama kwa muda mrefu. Tope laini, changarawe na mawe makubwa kama kichwa cha ng’ombe vilikuwa vimeshikamana bila mpangilio wowote. Mawe mengine yalikuwa na kona kali, mengine yamesuguliwa upande mmoja tu. Mto haufanyi hivyo. Maji huchambua mzigo wake, kwani kasi inapopungua huangusha kwanza mawe, kisha mchanga, na tope mwishoni, ilhali barafu hubeba vyote na kuvitua mahali pamoja.

Ziwa Mahoma, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, limekaa katikati ya migongo ya aina hiyo. Mtafiti Daniel Livingstone alichimbua tope la sakafu yake, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1962 yalionyesha kwa kipimo cha kaboni kwamba barafu ilikuwa imekwisha kuondoka yapata miaka 14,700 iliyopita. Vipimo vya karibuni vya mawe yenyewe ya moreni vinafika zaidi ya miaka 20,000, nami naviona vina uzito zaidi, maana tope huanza kutuama baada ya barafu kuondoka, pengine baada ya muda mrefu sana.

Wakati wa kushuka, kiongozi aliniuliza kama barafu ilifika hadi shambani kwao, chini ya Nyakalengija. Nilimweleza kwamba ile iliyorundika moreni za Mahoma ilikomea juu zaidi, karibu mita 2,000, ila Mubuku unapofurika huzimega moreni hizo na kuyasomba mawe yake hadi kwao. Akacheka, akasema basi ndiyo hayo waliyojengea msingi wa nyumba.