Nani Atabaki na Makutano?

Somo la wiki: Marko 6:30–46

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tuwakumbuke wauguzi wa wodi za wagonjwa wa akili. Wako Mirembe pale Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Wako Lutindi kule Korogwe, chini ya kanisa la Kilutheri, na wako Mathari, Nairobi. Katika hospitali nyingine wako wachache tu, na wenzao wa wodi za jirani huwatania kuwa ni manesi wa vichaa.

Asubuhi zamu zinapokabidhiana husomwa ripoti: nani amelala, nani amegoma kumeza dawa, nani alijaribu kujidhuru na hapaswi kuachwa peke yake, nani ndugu zake hawajaonekana tangu wamlete. Aliyekesha na hayo yote hatajwi. Hata kama alipigwa kofi saa nane za usiku, daftari litasema mgonjwa alikuwa mkorofi, basi.

Ndiyo maana mstari wa 30 umenishika. Mitume wamerudi kutoka kazini, wanampa Yesu habari za mambo yote waliyoyafanya. Mstari mmoja tu nyuma, wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wametoka kumzika mwalimu wao. Yesu anapokea ripoti, kisha anawatazama walioileta: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko anaongeza kwamba watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata mitume hawakupata nafasi ya kula. Hakuna aliyekuwa ameomba ruhusa. Mkubwa wa kazi ndiye aliyeona.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Mtu huishiwa nguvu, huona kazi yake haina matunda, na moyo wake hujitenga na kazi hata akaanza kuidharau. Hili la moyo kupoa ndilo linalowatesa waamini kimyakimya. Muuguzi aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina anaanza kusema "yule wa kitanda cha dirishani". Mgonjwa akilia, yeye anaangalia saa. Akifika nyumbani anapiga magoti kutubu kwamba amekosa upendo. Toba ni njema, lakini huenda dada huyu hajalala usingizi wa kutosha kwa mwezi mzima, na sisi tunamwambia aongeze mfungo! Mwingine ana sonona kabisa, anaijua kwa dalili zake zote, ila anaona aibu kukaa kwenye foleni ya kliniki anayoihudumia mwenyewe. Mpendwa, kaa kwenye foleni hiyo, au nenda hospitali nyingine. Tafuta pia mtu wa kumweleza yaliyokupata wewe zamuni. Siri za mgonjwa zibaki siri, lakini machozi yako si siri ya mgonjwa.

Sasa tuwe wakweli: mapumziko yale hayakutimia. Makutano walikimbia kwa miguu wakawatangulia, kwa hiyo faragha yenyewe iliishia njiani, ndani ya mashua. Jioni wanafunzi wakasema watu waagwe waende zao. Tumezoea kuwalaumu kwa maneno hayo. Mimi nasikia watu wenye njaa. Kazi iliendelea, mikate ikagawiwa. Lakini usikose kuusoma mstari wa 45. Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande mashua watangulie, naye anabaki kuwaaga makutano. Watu wote wale hawakuachwa bila mtu, ila aliyebaki nao ni yeye. Ndipo naye akapanda mlimani kuomba.

Kwa hiyo sipendi tunapomwambia muuguzi "jitunze" halafu tukamwacha peke yake na wodi iliyojaa. Mwenye kupanga zamu, ukimpa mtu siku ya mapumziko, usimpigie simu saa nne asubuhi aje kuziba pengo. Ukiweza, ingia mwenyewe. Nasi wa kanisani tunahusika. Ibada ikiisha, nesi hajafika hata mlangoni ameshazungukwa: mama huyu hapati usingizi, kijana yule anaongea peke yake. Halafu kwaya inamdai mazoezi, kamati inamdai kikao. Jumapili ijayo, akitoka zamu ya usiku, asionekane kanisani na asiulizwe. Wanawake wa jumuiya wampelekee chakula, wawachukue watoto mpaka jioni, nyumba ipate kimya alale.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesikia ripoti ukawaona walioileta, waone waliokesha usiku huu katika wodi hizi. Mponye aliyejeruhiwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Wape wakubwa wao macho ya kuona kabla hawajaombwa. Na utuonyeshe sisi ni nani kati yetu atakayewachukua wale watoto Jumapili. Amina.