Gari kuvuta kushoto likifunga breki: jinsi nilivyotatua

Peugeot 504 aliyotuachia marehemu baba ni ya mwaka 1976. Kwenye ukaguzi ikakataliwa kwa kosa moja: ukikanyaga breki inavuta kushoto. Iliniuma, maana pedi zote za mbele zilikuwa mpya.

Fundi wa kwanza alishauri ninunue kalipa nzima, yaani kifaa kinachobana pedi ili gurudumu lisimame. Sikukubali haraka, spea za gari hili hazipatikani kila duka. Siku hiyo, baada ya foleni ya Barabara ya Mandela, nilisogeza kiganja karibu na rimu. Kushoto vuguvugu, kulia moto mkali.

Nikapiga jeki upande wa kulia, nikakanyaga breki na kuachia. Tairi ikagoma kuzunguka. Nikalegeza kiungo cha juu, bomba la chuma linapokutana na la mpira: bado imegoma. Nilipofungua nati ya kutolea upepo wa breki kwenye kalipa, oili ya breki iliruka na tairi ikawa huru. Hapo nikajua: bomba la mpira limevimba kwa ndani. Oili inapita kwa shida, kwa hiyo kulia kunachelewa kushika na gari linakwenda kushoto, na ukiachia, oili hairudi, breki inabaki imeshika; ndiyo maana kulia kulikuwa moto.

Nilibadilisha mabomba yote mawili ya mbele, kwani yalikuwa ya umri mmoja, pamoja na oili yote. Oili ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Tukatoa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne.

Niliporudi kwa mkaguzi, gari lilisimama limenyooka. Likapita.